Nukta ya Kijani ya Bibiane

Wagonjwa wa zahanati ya parokia, kule Kadutu, mjini Bukavu, walizoea kumwona Bibiane akihama na meza yake. Asubuhi, ukungu wa ziwa ulipoanza kuchanika juu ya mabati, meza ilikuwa karibu na jiko la kuchemshia vyombo. Saa sita ilikuwa imefika katikati ya ua. Alasiri ilikuwa kando ya ukuta wa kufulia, na Bibiane, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mitatu, miwani yake ikiwa imefungwa kwa uzi, alikuwa amejifunika kichwa kwa kitambaa cheusi kama wapiga picha wa zamani. Jicho lake moja lilikuwa kwenye mikroskopu. Mkono wake wa kushoto uligeuzageuza kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kikalidaka jua na kulirusha chini ya mikroskopu. Jua liliposogea, naye alisogea.

"Maman Bibiane, leo jua iko inasema nini?" walimtania wakipita.

"Iko inasema urudi ku layini," alijibu kutoka chini ya kitambaa, na watu wakacheka.

Ulikuwa mwaka wa 2000. Vita vya pili vilikuwa vimeshaufanya mji uzoee mambo mengi: barabara ya Kamituga iliyofungwa, askari waliopita bila kusalimu, umeme uliokuja ukipenda na kuondoka bila kuaga. Taa ya umeme ya maabara ilikuwa imekufa siku nyingi. Bibiane hakuililia. Kwa kazi aliyoipenda kuliko zote, jua lilikuwa taa bora kuliko ile.

Kazi hiyo aliijua tangu ujana wake, Lwiro. Alikuwa binti wa wakulima wa Mumosho, amemaliza shule kwa masista, na alipofika kwenye kituo cha utafiti alipewa kazi ya kuosha chupa. Aliziosha miaka miwili. Lakini kila alipopita nyuma ya profesa mmoja mpole, aliyependa kuongea peke yake, alipunguza hatua. Siku moja profesa akasema bila kugeuka, "Wewe ambaye unasimama kila siku nyuma ya mugongo yangu, njoo basi uangalie." Bibiane akaweka jicho lake, na hakurudi tena kwenye chupa.

Profesa alimfundisha kwa mifano ya vitu vya nyumbani. Alimwambia kwamba ndani ya kila kiumbe mna ADN, uzi wa urithi, na kwamba uzi huo ukiutazama kwa karibu unafanana na kitabu cha misa kilichofungwa, kurasa zimelala moja juu ya nyingine. Kuna rangi moja ya manjano, iitwayo akridini, ambayo umbo lake ni bapa na jembamba. Inapokutana na ADN hujichomeka kati ya kurasa, kama vile mama mcha Mungu anavyochomeka picha ya mtakatifu ndani ya kitabu chake. Ikikaa humo, ukaipiga kwa mwanga wa buluu, hurudisha mwanga wa kijani. Lakini ikikuta kurasa zilizochanika, uzi usio na mwenzake, hairudishi kijani. Hurundikana juu yake na kuwaka nyekundu kama kaa la moto.

"Sasa," profesa alisema, "kuna kidudu kimoja ambacho hakifuate desturi ya watu."

Kilikuwa kidudu cha malale, ugonjwa wa usingizi, kinacholetwa na mbung'o. Kidudu hicho kina kitabu chake kikubwa katikati ya mwili, kama viumbe wengine. Lakini pale mkia wake unapoanzia kina hazina nyingine ndogo, inayoitwa kinetoplasti. Humo ADN si uzi mrefu. Ni pete. Pete ndogo maelfu kwa maelfu, na kila moja imepita ndani ya jirani zake, hata zote pamoja zimekuwa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Hakuna wavu kama huo ndani ya mtu, wala mbu, wala maharage, wala ng'ombe.

"Na rangi inaingiaje mu pete?" Bibiane aliuliza. "Kitabu kinafunguka. Pete haifunguke."

Profesa aliweka kalamu chini. Swali hilo, alisema, wakubwa zake bado walikuwa wanaligombania. Rangi inapojichomeka, uzi hulazimika kujilegeza kidogo ili kuipa nafasi. Uzi wenye ncha huru hujilegeza bila taabu. Pete haina ncha, kwa hiyo ikilegezwa hapa inajikaza pale, na hukubali rangi kwa kipimo tu. Lakini pete zikiwa maelfu, zimebanana mahali padogo namna ile, hicho kidogo cha kila moja hujumlishwa, na nukta ndogo kuliko vumbi huwaka wazi kabisa, kando ya ile kubwa. Ukiona nukta mbili za kijani, kubwa katikati na ndogo kwenye mzizi wa mkia, umeona sahihi ya kidudu kile. Hakuna mwingine anayeweka sahihi hivyo.

Tangu siku hiyo Bibiane alianza kuota macho yakiwa wazi. Alizihesabu pete ambazo hakuna jicho linaloweza kuziona. Kanisani, mama wa mbele yake alipokusanya rozari yake kiganjani, Bibiane aliona mnyororo ukilala juu ya mnyororo na akapoteza sala. Sokoni alisimama mbele ya bangili za shaba hadi muuzaji akamuuliza kama ni mgonjwa. Hakuolewa. Waliomposa walisema ni mwanamke mzuri lakini hayupo.

Vita vya kwanza vilipofika, mwaka wa 1996, profesa alimpa kichupa cheusi kilichofungwa kwa karatasi ya giza pamoja na vioo viwili, kimoja cha buluu na kingine cha rangi ya chungwa. "Chukua," alimwambia. "Hapa vitavunjika bure." Bibiane alitembea navyo hadi Bukavu, vimefungwa ndani ya kitenge, tumboni, kama mtu aliyebeba mimba. Kioo cha buluu huwekwa chini ya mikroskopu ili kulichuja jua, na kile cha rangi ya chungwa huwekwa juu, kwenye jicho, ili macho yapate mwanga wa rangi peke yake. Rangi aliitumia kwa tone, kuwatafutia wagonjwa malaria, miaka minne, hadi Aprili ya mwaka huo alipokitikisa kichupa na kuona imebaki ya kutosha lamu mbili tu, vile vipande vyembamba vya kioo ambavyo damu huwekwa juu yake ili ichunguzwe.

Na Aprili hiyo ndipo aliporudi Mugisho.

Mugisho alikuwa mdogo wake pekee. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kamituga, na vita vilipoanza alikimbilia magharibi na mkewe Francine, msituni, hadi Maniema, wakakaa kando ya mto zaidi ya miaka mitatu. Walirudi kwa miguu. Bibiane aliwapokea nyumbani kwake, akachinja kuku, akatazama jinsi mdogo wake alivyokonda, akamshukuru Mungu. Kisha Mugisho alilala usingizi kijiko kikiwa mdomoni.

Siku za kwanza watu walicheka. Baadaye hawakucheka. Mugisho alilala mchana kutwa, amekaa, ameegemea, hata amesimama. Usiku hakulala. Alimtukana Francine kwa maneno ambayo hajawahi kuyatumia. Majirani walisema ni vita, kichwa kimechoka. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba huko msituni kuna mtu amemfunga kwa uchawi.

Bibiane alipitisha vidole nyuma ya shingo ya mdogo wake, chini ya nywele, akagusa tezi zilizoteleza chini ya ngozi kama maharage mabichi. Akaondoa mkono wake haraka.

"Ni nini, yaya?" Mugisho alimuuliza dada yake mkubwa, macho yake mazito.

"Hapana kitu. Lala."

"Mi iko nalala tayari. Watu wote banasema lala, lala. Nitalala hata wapi?"

Asubuhi Bibiane alipanda kilima hadi hospitalini kwa daktari Cyprien, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwerevu, asiyependa hadithi. Dawa ya malale iliyokwisha kufika kichwani anayo, alisema, dozi moja kamili, imefungiwa kabatini. Lakini alitoa kichupa kimoja na kumwonyesha kwanza.

"Maman Bibiane, hii ni aseniki. Inayeyusha plastiki, ndiyo maana nachoma na sindano ya kioo. Mu batu makumi mbili, moja anakufa, na haife na malale. Anakufa na dawa yangu. Sasa nikimuchoma mutu ambaye haiko na malale, nitakuwa nimefanya nini?"

"Ako na malale, dokta."

"Umeona kidudu?"

"Bado."

"Basi bado. Uone, na mutu wa pili aone pamoja na wewe. Sichome mutu na aseniki sababu dada yake anaota."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli.

Walitafuta kwenye damu. Hamna. Walichukua maji ya tezi za shingo, Bibiane akayatazama kwa njia ya kawaida, bila rangi, hadi macho yakatoa machozi. Hamna. Vidudu vikishaingia kichwani hupungua sana kwenye damu, hujificha. Ilibaki kuchukua majimaji ya uti wa mgongo. Mugisho alishikwa na wanaume wawili, akakunjwa kama mtoto tumboni, daktari akachoma kati ya mifupa ya kiuno, na Bibiane akashuka kilima akiwa na kibomba cha majimaji hayo kwapani ili kisipate baridi.

Jua lilikuwa kali. Meza ilikuwa katikati ya ua. Isidore, muuguzi wa zahanati, mzee wa mizaha mwenye tumbo la kuheshimika, alikuwa hatua kumi kutoka hapo akichanja akina mama waliopanga layini. Bibiane alidondosha rangi ndani ya majimaji, tone la kwanza kati ya yale mawili ya mwisho, akaweka lamu, akajifunika kitambaa.

Chini ya kitambaa palikuwa na giza laini, giza la kijani kibichi mno, kama maji ya ziwa mahali pa kina kirefu. Alisogeza lamu polepole. Chembe nyeupe za mwili zilipita, kila moja imebeba mwezi wake wa kijani. Zilipita tena. Kelele za akina mama zikawa mbali. Kisha upande wa kulia kitu kikajitikisa.

Kilikuja kikiogelea. Mwili wake haukuonekana, ni mwanga wake tu: nukta kubwa katikati, na nyuma yake, pale mkia unapoanzia, nukta ndogo, kali, safi, ikichora mistari ya kijani gizani. Bibiane alishusha pumzi. Alijua kwamba anachokitazama ni adui, kwamba kidudu hicho ndicho kilichokuwa kinamla mdogo wake akili. Lakini alikuwa hajakiona kwa miaka minne. Aliifuata nukta ndogo. Alizifikiria pete zile, maelfu, zimeshikana mikono, na kila moja imeikubali rangi kwa kipimo chake, kidogo, kidogo, hata zote zinaimba kwa sauti moja. Alikuwa Lwiro tena. Miti ya bustani ilikuwa mirefu, profesa alikuwa anaongea peke yake, na hakuna risasi iliyokuwa imepigwa popote.

Kila mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa siku ya kwanza: mwanga unaoiwasha rangi ndio unaoiua. Ukikiona, ita, funika, usikodoe macho. Bibiane mwenyewe alikuwa amewafundisha wengine hivyo, kwa ukali.

Alipokumbuka, nukta ilikuwa ya kijivu. Alifumba jicho, akafumbua. Kidudu kilikuwa kimeacha kuogelea na kingo za tone zilikuwa zinakauka.

"Isidore! Papa Isidore!"

Isidore alikuja mbio, sindano bado mkononi, akaingiza kichwa chini ya kitambaa. Alikaa humo muda mrefu.

"Minaona giza, maman," alisema mwishowe. "Giza muzuri kabisa, lakini ni giza."

Walitafuta pamoja hadi lamu ikawa kavu. Isidore alijifuta jasho, akamtazama mwenzake aliyekuwa amekaa chini kwenye udongo, kitambaa cheusi mapajani.

"Wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Kweli kweli?"

"Mbili. Kubwa na ndogo."

"Basi niseme mi pia nimeiona. Natia sinyatire yangu ku karatasi leo leo, dokta anachoma kesho. Batu bangapi banaishi na uongo hapa mu mji? Huyu ataishi na uongo kidogo."

Bibiane alikikunja kitambaa. Lilikuwa neno la kirafiki, nalo lilikuwa rahisi kama kunyoosha mkono. Lakini ndani yake swali lilikuwa limeamka. Nukta ile alikuwa ameiota mara ngapi? Ameiona kwenye rozari, kwenye bangili, kwenye matone ya mvua dirishani. Alitaka kuiona kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka huo. Je, kama chembe tu ilipita na vumbi likakaa kando yake, na yeye akavipa mkia? Mtu mmoja kati ya ishirini. Sindano ya kioo. Na yeye ndiye angekuwa ameishika kalamu.

"Hapana, papa," alisema. "Hata mimi sina hakika kama nimeona ama nimetamani."

Isidore alitikisa kichwa. "Wewe ndiye labo pekee ninajua ambayo inakataa majibu yake yenyewe."

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Ilibidi amwambie Mugisho kwamba mgongo wake utachomwa tena. Alimkuta kitandani hospitalini, Francine akimpepea kwa kifuniko cha boksi.

"Hapana," Mugisho alisema kabla hajamaliza. "Mugongo yangu haiko kisima."

"Mugisho."

"Ile maji ya kwanza imeenda wapi? Si muliichukua?"

Francine aliacha kupepea. Bibiane alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena.

"Niliipoteza. Nilikiona, nadhani nilikiona, na nikabaki nakitazama. Sikumuita mutu. Rangi ikazimika."

Mugisho alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho yake yalikuwa yake mwenyewe.

"Ulikuwa unaota," alisema.

"Ndiyo."

"Tangu kule Mumosho. Maman anakutuma maji, unarudi na ndoo tupu, unasema umeona jua mu mto." Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Francine akamshika mabega. "Yaya. Nitakubali. Lakini hii mara usiangalie wewe. Umesikia? Mutu mwingine aangalie. Wewe ukiangalia, mi nakufa na wewe unafurahi."

Alikuwa amelala tena kabla Bibiane hajajibu.

Hakukasirika. Alishuka kilima taratibu, maneno ya mdogo wake yakimzunguka kichwani, na alipofika kwenye lango la parokia alikuwa ameshayaona mambo yote jinsi yatakavyokuwa. Mtu mwingine angeweka jicho. Yeye angeshika kioo.

Lakini mvua ikaanza. Ilinyesha siku nne. Mawingu yalikaa juu ya Bukavu kama blanketi bichi, ziwa likawa la rangi ya risasi, na Bibiane aliamka kila asubuhi, akaweka meza tayari, akaikunja tena. Siku hizo zilimpita kama za mtu aliye chini ya maji. Alimfundisha Isidore kusogeza lamu kwa vidole viwili. Isidore alilalamika kwamba vidole vyake viliumbwa kwa ajili ya ugali. Kwenye mlango wa hospitali Francine alikuwa akimpa habari kwa maneno machache. Siku ya pili Mugisho alikataa chakula. Siku ya tatu alimwita Francine kwa jina la mwanamke asiyemjua. Siku ya nne hakumwita kwa jina lolote, na daktari alisema kwamba juma lijalo hata dawa haitakuwa na kazi.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, wingu lilichanika upande wa ziwa.

Waliipandisha meza kilimani, Isidore akibeba, akitukana kila ngazi. Waliiweka kwenye baraza ya wodi, nje kidogo ya dirisha la Mugisho, ili majimaji yasitembee hata hatua ishirini. Daktari alichoma. Mugisho hakuhitaji wa kumshika tena, na hilo lilimtisha Bibiane kuliko makelele ya mara ya kwanza. Alipokea kibomba. Alikitikisa kichupa cheusi, akakipindua, tone la mwisho likaninginia mdomoni likiwaza, kisha likaanguka. Akaweka lamu. Akamfunika Isidore kitambaa kichwani na yeye mwenyewe akapiga magoti kwenye saruji, kioo cha kunyolea mkononi, uso umegeukia ukuta.

"Sasa hivi nakupa jua. Uko unaona nini?"

"Giza. Ngoja. Nyota. Ziko nyingi."

"Hizo ni za mwili wake. Ziache. Enda kushoto, polepole, kama unasoma. Ukifika mwisho, shuka musitari, urudi."

"Mi sikusomaka hivi hata shuleni."

"Papa Isidore!"

"Nasoma, nasoma."

Kivuli cha wingu kilipita. Mwanga ulikufa kiganjani mwake. Bibiane hakusogea. Uliporudi aliudaka tena, akaurusha, na kwa kuwa hakuwa na cha kutazama isipokuwa chokaa ya ukuta, aliutazama mwanga wenyewe ukitetemeka kwenye ukingo wa kioo. Alitamani sana. Kila mshipa wa shingo yake ulitaka kugeuka. Ndani, nyuma ya dirisha, alisikia pumzi ya Mugisho, nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kitu kizito kisichofika.

"Maman," Isidore alisema kwa sauti ambayo Bibiane hajawahi kuisikia kwake. "Kuna kitu kinatembea."

"Kinatembea vipi?"

"Kama kasamaki. Kinajikunja. Kiko na taa mbili."

"Ziko sawa?"

"Hapana. Moja ni kubwa. Moja ni kadogo, lakini kanawaka kuliko ile."

"Kadogo kako wapi?"

"Kwa mukia. Pale mukia inaanza. Yesu wangu, maman, ni kazuri!"

"Usikatazame!" Bibiane alipiga kelele, akageuza kioo kwenye ukuta. Doa la jua likaruka juu ya chokaa. "Ondoa jicho. Usisogeze lamu, hata kidogo. Ita dokta."

Daktari Cyprien alikuja glavu zikiwa bado mikononi. Bibiane alimwambia ainame kwanza, aweke jicho, asubiri gizani. Kisha akampa jua kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Akalizima. Akampa tena, moja, mbili, tatu.

Daktari aliinuka. Hakuwa mtu wa kuonyesha moyo wake, lakini alivua glavu kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta maneno ndani yake.

"Nukta mbili," alisema. "Andika, Isidore. Wewe na mimi tumeona." Akamgeukia Bibiane aliyekuwa bado magotini. "Njoo basi uangalie nawe. Bado inawaka."

Isidore alikwisha kumshikia kitambaa kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Bibiane alisimama, akajikung'uta saruji magotini. Alijua nukta hiyo ingekaa juani dakika moja zaidi, pengine mbili, na kwamba baada ya hapo hakuna rangi tena katika mji mzima, wala barabara ya kuileta.

"Tuiachie mwanga yake. Batu batabishana kesho," alisema. "Kama mutu atauliza, mutaifungua mumuonyeshe." Akaitoa lamu, akaifunga ndani ya karatasi ya giza, akamkabidhi daktari, akaingia wodini.

Dawa ilikuwa nzito kama mafuta. Daktari aliisukuma polepole kwenye mshipa, na Francine akahesabu kwa sauti kwa sababu aliambiwa asaidie na hakuna kazi nyingine iliyokuwepo. Mugisho alifumbua macho.

"Inachoma," alisema.

"Ichome," dada yake alimwambia.

Sindano zilikuwa tisa, kwa mizunguko mitatu, na katikati ya kila mzunguko siku za kupumzika. Mzunguko wa pili alipata degedege, na alasiri nzima daktari alikaa kando ya kitanda, Bibiane upande wa pili, kila mmoja akijua mwenzake anafikiria hesabu ile ya mmoja kati ya ishirini. Jioni degedege likaachia.

Siku ya sindano ya tisa, Mugisho alikaa macho tangu asubuhi. Alilalamika kwamba maharage hayana chumvi. Aliuliza shule zitafunguliwa lini na kama kuna mtu anajua nani aliyechukua darasa lake. Alimwita Francine kwa jina lake, amletee maji. Francine aliyaleta, akasubiri anywe yote, akachukua kikombe, akatoka nacho hadi nyuma ya wodi, na huko akakaa kwenye majani, akalia hadi Isidore akaja kumwambia kwamba mumewe anaomba maharage mengine.